Mwongozo kamili wa kula mtaani Dar wiki nzima ya kazi: tumbo lisigome na hela isiishe Jumatano

Malalamiko ni yale yale kila wiki. Mtu anaanza Jumatatu na moto wake, anasema mi sasa nakula kwa mama lishe basi, Jumanne kachelewa kutoka ofisini anakula chipsi mayai, Jumatano chipsi mayai tena, Alhamisi anashinda chooni na Ijumaa anakopa nauli ya mwendokasi. Afu lawama zote kwa chakula cha mtaani.

Shida kubwa ni saa. Sufuria ya wali iliyoshuka jikoni sasa hivi na sufuria hiyo hiyo masaa manne baadaye ni vyakula viwili tofauti kabisa, kwa utamu, kwa usalama wa tumbo na hata kwa idadi ya vipande vya nyama utakavyopata. Wengi wanaofeli wanachagua sehemu nzuri ila wanafika saa mbaya. Kwahiyo humu ndani kila kitu kinaenda kwa saa.

Nimeandika nikimfikiria mtu wa Dar anayefanya kazi Posta, Kariakoo, Magomeni, Mwenge au Buguruni, mwenye lisaa limoja la lanchi na mshahara wa kuhesabu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Chenji. Noti za buku na buku mbili, sarafu za mia tano na mia mbili. Ukimpa muuza vitumbua noti ya elfu kumi saa moja asubuhi, ama usubiri akatafute chenji mpaka vitumbua vipoe, ama akwambie "nenda tu utanipa kesho", na deni la kesho ndo linaloharibu bajeti.
- Chombo chenye mfuniko unaobana, cha bati lisiloshika kutu au plastiki ngumu ya kuwekea chakula.
- Kijiko chako. Kinakaa kwenye droo ya ofisini, hakuna atakayekucheka.
- Chupa ya maji uliyojaza nyumbani, ya kuchemsha au ya dukani.
- Kipande cha sabuni kwenye kopo dogo. Sanitaiza ni nzuri ila mikono yenye mafuta ya sambusa haiiwezi, hapo ni sabuni na maji yanayotiririka.
- Pakiti mbili za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji ukiharisha. Phamasi yoyote wanazo, bei yake ndogo. Weka kwenye begi usahau.
- Salio kwenye simu. Wengine wana lipa namba, wengine utaambiwa utume kawaida "na ya kutolea", kwahiyo uliza kabla hujaanza kula.

## Hatua ya 1: Gawa hela Jumapili usiku

Chukulia una elfu 30 ya kula Jumatatu mpaka Ijumaa. Hiyo ni elfu 6 kwa siku. Mgao unaofanya kazi ni buku mbili asubuhi, buku tatu mchana, na buku moja inayobaki usiiguse. Bei zinatofautiana, Posta na Masaki siyo sawa na Mbagala, kwahiyo wewe weka namba za mtaa wako.

Hiyo buku ya kila siku ikifika Ijumaa ni elfu 5, ndo hela ya kula vizuri siku ambayo chakula cha mtaani Dar kinakuwa kitamu kuliko siku zote. Tutafika huko.

Sababu ya kugawa mapema ni kwamba hela haiishi kwenye sahani ya wali, inaishia kwenye vitu vinavyopita mbele ya macho: soda, karanga, glasi ya miwa, ubuyu, andazi la kusindikizia chai ya saa nne ambayo hata hukuwa na njaa nayo.

Angalizo: usianze wiki kwa kukopa. Akina mama lishe wengi wana daftari la madeni na wanakopesha kwa roho safi, lakini mtu mwenye deni hapimiwi kama mtu anayelipa, huo ndo ukweli hata kama hakuna anayeusema. Kama lazima ukope, andika na wewe kwenye simu yako.

Imekubali kama Alhamisi asubuhi bado una hela ya siku mbili mfukoni.

## Hatua ya 2: Piga raundi kabla hujakaa

Jumatatu usikae kwenye benchi la kwanza unaloliona. Toka saa sita kasoro, zunguka eneo lako dakika kumi, angalia. Kinachoangaliwa ni hivi:

Maji ya kunawa. Liwe dumu lenye koki au mtu anayekumiminia kwa jagi. Beseni moja ambalo kila mtu anachovya vidole, pita hivi.

Sahani zinaoshwaje. Unataka ndoo mbili angalau, ya sabuni na ya kusuuzia, na maji yawe yanabadilishwa. Chungulia nyuma ya banda. Maji yakiwa ya kijivu na yana mafuta juu saa saba mchana, ujue ndo yaliyoosha sahani utakayopewa.

Mkono unaoshika hela. Banda zuri lina mtu wa kupakua na mtu wa kupokea hela. Kama ni mmoja, aone haya kushika nyama kwa vidole, atumie mwiko au kijiko.

Mifuniko. Sufuria imefunikwa, anafunua akipakua tu. Chakula kilicho wazi pembeni ya barabara ya vumbi na nzi hakihitaji maelezo.

Sasa kuhusu foleni. Watu wanasema "palipo na foleni ndo pazuri" na hilo ni kweli nusu. Foleni inasaidia kwa sababu sufuria inaisha haraka, chakula hakipati muda wa kulala. Ila kuna foleni inayotokana na mpakuaji mmoja anayechati huku anapakua, watu kumi wamesimama na sufuria ziko pale pale. Angalia sufuria inavyoshuka, usihesabu vichwa.

Pata sehemu tatu: ya asubuhi, ya mchana, na ya akiba siku ya mchana ikiwa imefungwa. Mtu mwenye sehemu moja tu, siku mama akienda msibani ndo siku anayoangukia kwenye chipsi.

Imekubali kama unaweza kumwelekeza mwenzako sehemu zote tatu na sababu ya kila moja.

## Hatua ya 3: Zijue saa za sufuria

Hapa ndo pa kusoma taratibu.

Saa 12 mpaka saa 3 asubuhi: supu, chapati, vitumbua. Supu ya ng'ombe, kongoro au utumbo inachemka toka usiku au alfajiri na inabaki juu ya mkaa mpaka iishe, kwahiyo kwa usalama ni moja ya vyakula bora mtaani, kitu kinachotokota mbele ya macho yako. Ila wahi. Kuanzia saa tatu hivi wengi wanaanza kuongeza maji, mfupa ule ule, mchuzi mwepesi, na unamalizia kulipa hela ya supu kwa maji ya chumvi na ndimu. Chapati nayo idai ikitoka kwenye chuma. Vitumbua ukivikuta vya baridi ndani ya ndoo havitakuua lakini mafuta yameshanywewa, utavisikia kifuani mpaka saa sita.

Mafuta ya kukaangia yaangalie pia. Yakiwa meusi kama oili ya gari, yanatoa moshi na povu, yameshatumika sana. Hamia kwenye chapati au mtori.

Saa 6 mpaka saa 7 na nusu mchana: wali, ugali, ndizi. Ukifika saa sita na robo unakuta sufuria zimejaa, nyama ina vipande, mchicha bado wa kijani. Saa nane unakuta mchuzi, maharage ya chini na ukoko. Bei ile ile.

Uliza kitu kimoja tu: "Mama, mnapikia hapa hapa?" Wanaopika pale pale unauona moto. Wengine, hasa maeneo ya Posta ambako kuwasha jiko ni kesi, wanapika nyumbani na kuleta kwenye hotipoti kwa bodaboda. Hao wako sawa tu, wengine ndo wapishi wazuri kuliko wote, lakini chakula chao kimeiva toka saa nne asubuhi huko, kwahiyo kwao wahi zaidi. Hotipoti ikifunuliwa mvuke uje usoni. Usipouona mvuke kula kitu kingine.

Kwanini nakazania wali hivi? Mchele una kijidudu kinaitwa Bacillus cereus, mbegu zake haziuawi na kupika, na wali ukikaa vuguvugu masaa mengi zinaamka na kutoa sumu. Sumu hiyo ukipasha moto haitoki. Ndo maana wali kiporo uliopashwa unaweza kukutapisha ndani ya masaa machache wakati unaonekana mzuri tu na haunuki. Kanuni ya wataalamu wa chakula ni kwamba kilichopikwa kikae juu ya nyuzi 60, na kisikae masaa zaidi ya mawili kwenye joto la kawaida, na kwa joto la Dar la mwezi wa pili hata hayo mawili ni mengi.

Ugali una nafuu hapa, kwa sababu kwa kawaida unasongwa mara kadhaa mchana huo huo, ukisikia mwiko unagonga sufuria unasubiri dakika tano unapata wa moto. Siku uliyochelewa, chagua ugali.

Saa 9 mpaka saa 11 alasiri: usile kitu cha sufuria. Haya ndo masaa ya hatari, mchana umeisha na jioni haijaanza, kilichopo ni mabaki. Kama njaa inauma, hindi la kuchoma linatoka motoni mkononi mwako, karanga, ndizi ya kumenya mwenyewe, au kahawa na kashata kijiweni. Vikombe vya kahawa vinasuuzwa kwenye kindoo kimoja siku nzima, mi nabeba kikombe changu, wazee wa kijiweni wananitania na mimi naendelea kunywa.

Saa 12 jioni na kuendelea: karai na mkaa. Chipsi, mishkaki, kuku, mihogo, pweza. Kwenye chipsi tatizo ni lile kabati la kioo. Viazi vilivyomo vilikaangwa muda, vinapashwa vikija wateja. Sema "kaka naomba za kwenye karai, nasubiri". Kama ni chipsi mayai, mwache ageuze pande zote mpaka katikati pasitikisike, yai bichi la katikati halina faida yoyote.

Mishkaki: angalia kama anashika mbichi na zilizoiva kwa mkono ule ule, na kama anapaka viungo vya kwenye bakuli la nyama mbichi juu ya mishkaki iliyoiva tayari. Akifanya hivyo sema "niachie kidogo motoni kaka" na ziungue kingo kidogo.

Mwezi wa Ramadhani ratiba yote hii inageuka, mabanda mengi ya mchana yanafungwa na utamu wote unahamia jioni kwenye futari, kwahiyo panga upya.

Imekubali kama sahani yako imekuja na mvuke na umeunguza ulimi kidogo.

## Hatua ya 4: Agiza kama mtu wa hapo

Hii hatua wengi wanairuka afu wanashangaa kwanini wao wanapata mifupa.

Anza na salamu. "Shikamoo mama" kama amekuzidi umri, "habari za kazi dada" kama mnalingana, "kaka" au "anko" kwa wa chipsi, na muuza kahawa mzee unampa shikamoo yake kamili kabla ya kuuliza bei. Sema "naomba", achana na "nipe".

Afu uliza bei kabla hajapakua. Siyo ushamba. Sahani yenye samaki na sahani yenye maharage zinapishana na hutaki kujua hilo ukiwa umeshaimaliza.

Mazungumzo yanayofanya kazi ni kama haya:

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu, karibu."
"Leo kuna nini?"
"Wali nyama, wali maharage, ugali dagaa, na ndizi zimebaki kidogo."
"Naomba wali, upunguze wali uongeze mboga. Shi ngapi?"

Kupunguza wali na kuongeza mboga ni ombi dogo, wengi wanakubali bila kuongeza bei kwa sababu mchele ndo ghali kwao kuliko mchicha. Na wewe saa tisa hutasinzia kwenye kompyuta.

Ukizoeleka, chukua namba yake. Saa tano unamtumia meseji: "Mama niwekee samaki mmoja nakuja saa sita na nusu." Ila mwambie asipakue mpaka akuone, sahani iliyofunikwa na sahani nyingine nusu saa nzima imeshapoa na umerudi kule kule.

Imekubali kama wiki ya pili anakuuliza "leo kama kawaida?"

## Hatua ya 5: Pangilia siku ili chipsi zisikumeze

Usiandike ratiba ndefu, hutaifuata. Weka sheria mbili tu: chipsi mara moja kwa wiki, na kila mchana pawe na mboga ya majani, iwe mchicha, matembele au kisamvu.

Jumatatu na Jumanne kula vya bei ya chini, wali maharage au makande, maharage yanashibisha na hayakugharimu. Jumatano ndo katikati, watu wanachoka na kuanza kutafuta kitu cha kujipongeza, hapo ndo weka chipsi zako za wiki bila kujilaumu. Alhamisi samaki. Kama uko Posta, soko la samaki la Feri hapo Kivukoni ni kutembea tu, samaki anakaangwa mbele yako, unachagua mwenyewe. Chagua mwenye jicho linalong'aa na mashavu mekundu ndani kabla hajaingia kwenye karai, aliyekwisha kaangwa na kurundikwa toka asubuhi mwachie mwingine.

Ijumaa ni pilau au biriani. Mabanda mengi yanapika siku hiyo, kwahiyo sufuria ni kubwa, nyama ipo, na watu wakitoka msikitini linaisha lote. Fika kabla ya saa saba au baada ya hapo ukubali matokeo. Hapo ndo ile elfu 5 inaingia, mchana pilau, jioni supu ya pweza kwenye kikombe na vipande vyake, pilipili ya ukwaju pembeni. Mwambie akupe kutoka kwenye supu inayochemka, vipande vya kwenye sinia vimepigwa upepo wa barabarani toka jua halijazama.

## Hatua ya 6: Vibichi, barafu na juisi

Kachumbari ndo inayowaangusha wengi kuliko nyama. Nyama imepita motoni, nyanya na kitunguu havijapita, vimeoshwa kwa maji gani hujui, vimekatwa asubuhi na vimekaa. Ndimu haiui vijidudu vyote na pilipili haiui kabisa, hizo ni stori za vijiweni. Kula kachumbari pale tu unapomuona anaikata, au omba kitunguu kilichokaangwa pamoja na nyama.

Matunda ya kukatwa yaliyopangwa kwenye vifuko, sina imani nayo saa nane mchana. Nunua embe au chungwa zima amenye mbele yako, au umenye mwenyewe. Tikiti akilipasua upo, sawa.

Barafu iache. Kuganda hakuui vijidudu, kunavilaza tu. Juisi ya miwa inyweke bila barafu, ikamuliwe mbele yako na ndimu na tangawizi, ila angalia mashine, kama nyuki na nzi wameigeuza makazi tafuta nyingine. Dafu ndo mfalme hapa, linafunguliwa mbele yako na ndani hapajaguswa na mtu. Kunywa kwa mdomo, mrija siyo lazima.

## Hatua ya 7: Kama lazima ubebe ofisini

Beba na chombo chako. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku toka Juni 2019 lakini supu na mchuzi bado vinafungwa kwenye vifuko vyembamba vya nailoni, na kitu cha moto ndani ya nailoni hakifai. Gazeti nalo lina wino, chapati ya mafuta inaunyonya wote.

Mwambie aweke mchuzi kando kama unaweza. Kula ndani ya nusu saa. Kitakachobaki usikiweke kwenye droo "cha saa kumi", rudi kasome ule wali wa hatua ya 3.

## Hatua ya 8: Tumbo likigoma

Inaweza kutokea hata ukifuata vyote. Fanya hivi:

1. Anza ORS mapema, usisubiri ulegee. Pakiti kwenye kipimo cha maji kilichoandikwa, usikadirie kwa jicho. Kama huna pakiti: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko bapa. Kunywa kidogo kidogo, ukitapika subiri dakika kumi uendelee.
2. Usikimbilie flajili au dawa nyingine ya vijidudu kwa ushauri wa dawati la pembeni. Kuharisha kwingi kunaisha kwenyewe, na ukiwa na homa au damu kwenye choo usimeze ya kufunga tumbo.
3. Nenda hospitali siku hiyo hiyo kama kuna damu, homa kali, unatapika mpaka maji hayakai, hukojoi, au unaharisha maji maji mfululizo yanayofanana na maji ya mchele. Hayo ya mwisho yanaweza kuwa kipindupindu, na hapo hakuna kusubiri kesho.
4. Kula kidogo ukijisikia: uji, ndizi, wali laini wa nyumbani.

Ukipona, kumbuka ulikula nini na saa ngapi, siyo wapi tu. Kama wenzako wawili watatu waliokula pale nao waliumwa, mfuate mama pembeni wateja wakiwa wachache, mwambie kwa heshima kwamba maharage ya Jumanne yalitusumbua. Akikusikiliza na ukaona Jumatano maji ya kuosha yamebadilika, endelea naye. Akikufokea una sehemu yako ya akiba, kale huko, saa sita na robo.